Amri ya Kiboko Kibuyuni

Hapo zamani za kale, hebu wewe acha kumfinya mwenzio unisikilize, wanyama walikuwa na podikasti kama hizi zenu. Mtu akisema kwenye kibuyu cha mtangazaji, vibuyu vya nyumba zote vinayarudia maneno yake pale pale. Na mila yao ilikuwa kwamba neno la mkubwa likishapita kibuyuni, halirudi.

Mtangazaji alikuwa Bi Pelele, kile kinyama kidogo cha miambani. Siku zote hatulii, na siku hiyo ndiyo kabisa! Mara asimame, mara achungulie mlangoni. Watoto wake wanalia kiu, na chemchemi pekee Kiboko kaikalia, haonjeshi mtu hata tone. Na mgeni wa gumzo leo ni Kiboko huyo huyo.

Du! Du! Du! Akaingia.

"Sogeza kigoda! Leta ndizi! Haya, uliza!"

"Karibu, Bwana Mkubwa. Samahani, sijui utapenda kusogea karibu na kibuyu?"

Akasogea.

"Unaonaje tukianza na siri ya kuamuru?"

"Siri gani? Unasema, wanatii. Nyamaza nikueleze!"

Akaeleza, wee! Akishtukia huyu, wanangu wamekwisha, Pelele akawaza.

"Mimi nakuamini, Bwana. Ila wapo wanaosema eti amri yako inaishia puani."

"Puani? Mimi?"

"Maneno ya watu hayo! Labda, kama hutajali, tuwape mfano mdogo tu. Waambie... sijui... waje wanywe maji?"

"Sikilizeni nyote!" Kiboko akanguruma, vibuyu vikatetemeka. "Njooni chemchemini! Kunyweni! Sasa hivi! Asiyekuja nitamkanyaga!"

Lo, purukushani! Swala hao, ngiri hao, watoto wa Pelele mbele kabisa.

Kiboko akatoka mbio akihema. "Rudini! Rudini! Ulikuwa mfano!"

"Ai, Bwana Mkubwa!" Pelele akamfuata nyuma. "Mbele ya kadamnasi? Mate yakishatemwa yanamezwa tena? Ukiyameza, nani atakuita mkubwa?"

Kiboko akakaa kando, anatazama maji yanavyonywewa, glu, glu, glu.

Na Pelele, aliyekuwa hatulii tangu alfajiri, akaketi chini kati ya watoto wake, akanywa.

Hadithi yangu imefika majini, mwenye kiu ainame. Ila jueni, wanangu: anayependa kuamuru, mwenye ulimi laini humwamuru bila yeye kujua.