Nge Aliyetembea Kinyumenyume

Chumba cha watoto katika maktaba ile kilinuka rangi mbichi tangu Jumatatu. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, vitabu vimefunikwa magazeti, na katikati palisimama jukwaa la mbao ambalo mchora mabango alilipanda kila asubuhi bila kushika popote. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amechora mabango ya maduka, ya vinyozi na ya zahanati, na mkono wake haukuwahi kupinda herufi. Mji mzima ulisoma kazi yake, lakini hakuna aliyejua ni ya nani, maana bango hubeba jina la mwenye duka, si la mchoraji. Jambo hilo lilimkereketa kwelikweli.

Safari hii mambo yangekuwa mengine. Mkuu wa maktaba alitaka dari nzima ichorwe buruji kumi na mbili, yale makundi ya nyota za angani. Kwanza ichorwe moja ya majaribio, Akrabu, ambayo wengi huiita Nge. Ijumaa bodi ya maktaba ingekuja kuikagua pamoja na mwalimu wa falaki, elimu ya nyota, kutoka chuoni. Nge wa darini akilingana na yule wa angani, mchoraji angepewa dari yote, na juu ya hayo angetia saini yake. Asipolingana, kazi ingekwenda kwa mwingine.

"Saini yangu, wifi! Mbele za watu!" alimwambia wifi yake, fundi umeme aliyeajiriwa kutoboa dari na kupachika taa ndogo mahali pa kila nyota.

Ramani ya nyota waliyopewa ilikuwa na kaskazini juu, kama ramani nyingine zote. Lakini mashariki ilikuwa kushoto. Mchoraji alicheka mpaka brashi ikamponyoka.

"Hebu ona! Mpiga chapa kapitiwa na usingizi. Tangu lini mashariki ikawa kushoto?"

"Labda wana maana yao," wifi alijibu. "Giza likiingia tutoke uani, tulale chali, tuishike ramani juu ya nyuso zetu tulinganishe na nge mwenyewe. Dakika tano tu."

"Mimi nilale uani kama mkeka? Mtu mzima na heshima zangu! Ramani nazisoma tangu darasa la tatu."

"Kaka yangu alituambia anaoa fundi, kumbe kaoa waziri. Haya, mheshimiwa. Ila mimi sitoboi hata tundu moja mpaka nione kwa macho yangu. Rangi hufutika, tundu halifutiki."

Mchoraji alibetua midomo. Akaigeuza picha, ya kushoto ikawa kulia, kisha akaipandisha darini. Kufikia Alhamisi alasiri nge alikuwa tayari, magando yametanuka, nyota nyekundu moyoni, mkia umepinda kama ndoana. Alikuwa nge wa kupendeza, na mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Jioni hiyo mkuu wa maktaba alipita akiwa na funguo mkononi.

"Nimewaandalia watoto kisa cha Nge," alisema kwa furaha. "Wayunani wa kale walisimulia habari za mwindaji mmoja, jitu la miraba minne, aliyejigamba kwamba hakuna mnyama wa kumshinda. Ardhi ikachukizwa, ikamtuma nge mdogo, akamchoma. Wote wawili wakapandishwa angani. Mpaka leo nge akichomoza mashariki, mwindaji anazama magharibi. Nge anamfukuza, magando mbele, mkia nyuma, na hampati."

Akaenda zake bila kuinua macho. Mchoraji ndiye aliyeyainua. Dirisha kubwa lilikuwa magharibi na mlango mashariki. Nge wake alikuwa ameelekeza magando mlangoni na mkia dirishani. Badala ya kumfukuza mwindaji, alikuwa akimwendea kinyumenyume!

Angeweza kunyamaza, kwa kuwa mkuu hakuona kitu, na lawama angetupiwa mpiga chapa. Lakini saini yake ya kwanza maishani iwe chini ya kosa? Aliona haya kabla hajaulizwa na mtu.

"Wifi," alisema taratibu, "giza limeingia?"

"Limeingia."

"Lete ramani."

Walitoka uani. Mchoraji alijinyoosha juu ya saruji, kichwa kaskazini, miguu kusini. Mlinzi wa lango alikuja mbio akiuliza kama kuna mgonjwa.

"Hakuna mgonjwa," wifi alimjibu. "Kuna mjuaji."

Mchoraji aliinua ramani juu ya uso wake, na mashariki ya karatasi ikaangukia pale pale lilikochomoza jua asubuhi. Mpiga chapa hakuwa amesinzia hata kidogo. Ramani ya nchi husomwa mtu akitazama chini, ya nyota akitazama juu. Na huko juu, nge alikuwa akielekea magharibi bila wasiwasi, magando mbele.

"Nimekuwa mjinga, wifi."

"Wiki nzima! Lakini mjinga mwenye mkono mzuri. Alfajiri tuko kazini."

Ijumaa hiyo walifanya kazi bila kuketi. Adhuhuri nge alikuwa amegeuzwa na taa zinawaka. Saa kumi bodi iliingia. Mwenyekiti, ndani ya suti iliyonyooshwa barabara, alisimama ameelekea kaskazini, ramani kifuani, akaitazama, akatazama dari, akakunja uso.

"Fundi, umekosea. Kwenye ramani nge anatazama mlangoni. Wako anatazama dirishani. Umemgeuza!"

"Sikukosea, mheshimiwa," mchoraji alisema bila kutetereka. "Jana nilikosea. Leo nakuomba ulale chini."

Watu waliduwaa. Hapo ndipo walipogundua kwamba mwalimu wa falaki alikuwa amekwisha kuvua viatu na kulala sakafuni, anatabasamu peke yake. Mwenyekiti alisita, akapiga magoti, akalala, tai ikamwangukia shavuni. Akainua ramani.

"Ala!" akasema. "Kumbe! Mpeni dari yote. Na saini aweke popote apendapo."

Mchoraji alikwisha kuamua. Hakuiweka darini. Aliiandika ukutani, kiganja kimoja tu kutoka sakafuni, kwa herufi nyembamba zisizopinda. Kila anayelalamika kwamba ni shida kuisoma, humjibu kwa kicheko: mtaka cha mvunguni sharti ainame.