Matairi ya Kumfukuzia Nasero

Mzee Senzota, tajiri wa malori, alikitaka kiwanja cha Nasero, muuza uji aliyeishi kwenye kibanda cha maturubai.

"Nisipohama utanifanya nini?" Nasero aliuliza.

"Nitakimwagia kiwanja chako taka mpaka ukimbie mwenyewe."

"Mwaga samadi, baba, mwaga hata majitaka. Ila matairi mabovu, tafadhali, hapana! Yanafuga mbu, na mimi malaria itaniua."

Kesho yake malori yakaanza kumwaga matairi. Nasero alilia kila lori lilipofika, na Senzota akaagiza mengine.

Kabla ya masika Senzota alikuja kuangalia kama Nasero amehama. Akakuta nyumba: kuta za matairi yaliyoshindiliwa udongo, zimepigwa plasta.

"Karibu, baba," Nasero alisema. "Umebaki ukuta wa choo tu. Huwezi kunikasirikia tena kidogo?"