Kiboko Apanda Kilimani Kutazama Kijiji Chake

Paukwa!

Pakawa!

Niwape kijiji au niwape mto?

Tupe vyote, na usituchoshe!

Basi tulieni, na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna kimyakimya. Zamani hizo kulikuwa na kijiji cha wanyama kando ya mto, kikiitwa Mapindoni. Kizuri hicho, we acha tu! Ila kingo za mto zilikuwa zimesimama wima, na mteremko wa kufikia maji ulikuwa mmoja. Hapo hapo ndipo alipojilaza Kiboko.

"Babu yangu alichimba mto huu," akasema, mfuuu! "Babu yangu alianzisha kijiji hiki. Hanywi mtu bila tikiti."

Leo tikiti, kesho tikiti. Nyam, nyam, nyam! Shamba la matikiti la Bi Pimbi likabaki majani matupu, na wanawe wakalala ndimi nje kwa kiu. Roho ikamuuma mama wa watu. Akaenda mtoni mikono mitupu.

"Shikamoo, Mwenye Kijiji."

"Marahaba. Tikiti liko wapi?"

"Tikiti? Mimi nimekuja kukupa pole. Kijiji kizuri namna hii, na mwenyewe hujawahi kukiona! Humo majini unaona nini zaidi ya pua yako? Sisi makabwela tunakitazama bure kila siku, kutoka kilimani."

Kiboko akakunja uso. "Bure? Kijiji changu?"

Akatoka majini. Pu! Pu! Pu! Mpaka juu, Bi Pimbi nyuma yake. Lo! Mto unajikunja, mianzi inayumba, korongo weupe wanatua mchangani.

"Ule mchanga wangu," akasema. "Ile mianzi yangu. Wale korongo wangu."

Jua likafika utosini, yeye bado anajimilikisha. Ngozi ikaanza kukakamaa.

"Mama wee, naungua! Njia ya mkato iko wapi?"

"Hii hapa, baba," akasema Bi Pimbi, akimwonyesha ukingo wa udongo tifutifu, chini kidogo ya mteremko wake.

Kiboko akatimua mbio, akateleza kwa makalio. Poroporoporo... chubwi! Ukingo wote ukamomonyoka, ukaacha mteremko mpya, mpana, hadi majini. Wana wa Pimbi wakanywa mpaka matumbo yakalia bwaka, bwaka.

Tangu hapo, Kiboko akilinda mteremko wa juu, wenzake wanakunywa wa chini. Akikimbilia wa chini, wanakunywa wa juu. Mbio hizo hazijaisha hadi leo.

Funzo, wanangu: mheshimuni sana mchoyo, maana ndiye mleta maendeleo.

Mimi nimekomea hapo. Mwenye kiu akanywe, na akipishana na Kiboko njiani, asimcheleweshe.