Oili Nzito ya Mashine ya Yuditi

Oili nzito hunyamazisha, haiponyi. Methali hii mliisikia jana sokoni mkacheka, na leo mnauliza ilianzia wapi. Basi mmemuuliza mwenyewe, maana ilianzia kwenye mikono hii.

Kaka yangu Obadia alikuwa na mashine ya kusaga hapa hapa Makete, ya injini ya dizeli. Injini ilikuwa imechoka: inagonga, inatoa moshi wa buluu, inakunywa oili kama mlevi wa ulanzi. Injini iliyolika hivyo hutaka oili nzito kidogo kuliko ya injini mpya, lakini kidogo tu. Tena kwa baridi yetu hii lazima uiache ingurume taratibu ipate joto kabla ya kuipa kazi. Hilo nililijua vizuri, ndiyo maana sina pa kujificha.

Obadia akapata mnunuzi, Yuditi Luvanda, mjane wa binamu yetu. Marehemu alimwachia watoto wanne na shamba moja la miti. Yuditi akaiuza miti yote ili mashine imsaidie kulea watoto.

Huku kwetu anayenunua mashine huja kwanza kuisikiliza. Obadia akaniambia, "Inyamazishe siku moja tu." Nami nikamwaga oili iliyokuwemo, nikamimina oili ya gia, ile ya malori, nzito kama asali. Yuditi alifika adhuhuri, jua kali, na injini tulikuwa tumeipasha tangu asubuhi. Akainamisha kichwa akasikiliza. Haikugonga hata kidogo.

Hakumuuliza Obadia, aliniuliza mimi. "Shemeji, wewe ndiye fundi. Ni nzima?"

"Si unaisikia mwenyewe," nikamjibu.

Akalipa siku hiyo hiyo. Ilikuwa Juni. Siku ya tatu, alipofungua kazi, sakitu, ule umande ulioganda, ilifunika nyasi zote, na wanawake walishapanga madebe yao ya mahindi mlangoni. Yuditi akawasha na kusaga papo hapo. Oili ilikuwa imeganda chini ya injini, haikupanda. Vyuma vikasagana vikavu, na injini ikanoki, ikafa kabisa, kabla debe la kwanza halijaisha.

Alinikuta nyumbani nakunywa chai. Mkononi alishika kijiti cha kupimia oili, na ile oili imekigandia, haidondoki.

"Hii uliiweka wewe, shemeji?"

"Niliiweka mimi."

"Ulijua itaniulia mashine?"

"Nilijua."

"Ungeniambia niipashe kwanza. Neno moja tu."

Ningemwambia aipashe, angeuliza kwa nini, na Obadia angekosa mnunuzi. Hivyo ndivyo nilivyomjibu, aibu tupu. Nikasema nitaitengeneza bure. Akakataa nisiiguse.

"Oili nzito hunyamazisha, haiponyi," akasema, akaweka kijiti mezani pangu akaondoka. Wanawake waliomfuata wakayabeba maneno hayo hadi kila kijiji.

Watoto wake wawili wakubwa waliacha shule, wakawa wanalima naye viazi vya watu. Obadia alizeeka kwa raha, akazikwa kwa sifa. Mimi hadi leo nikikutana na Yuditi njiani hunisalimu kwa heshima, hujambo shemeji, nyumbani hawajambo, huku anatabasamu. Afadhali angenitukana. Oili nzito hunyamazisha, haiponyi.