Ndovu Mkaguzi na Mtungi wa Bi Kindi

— Enyi mliokaa!
— Tumekaa!
— Nimwage, nisimwage?
— Mwaga!
— Na atakayesinzia?
— Mfinye!

Haya. Hapo kale alikuwepo Bi Kindi, mpika pombe. Ninyi wadogo semeni alipika togwa, mama zenu wasije wakanisema. Alikuwa na mtungi mkubwa wa udongo uliounganishwa na vibuyu viwili kwa mianzi miembamba, mwanzi mmoja ukitokeza nje wa kunywea, na kila kiungo kimezibwa kwa nta ya nyuki. Nta hiyo aliikanda marehemu mama yake, na ufundi wake akaenda nao kaburini. Ukibandua kiungo kimoja, basi tena, hakuna wa kukirudisha. Na mtungi huo ndio uliomlisha Bi Kindi na wanawe sita.

Kijijini kwao kulikuwa na desturi. Anayeonja pombe wa kwanza mbele za watu ndiye anayeidhamini. Akishaonja, hana ruhusa ya kuisema vibaya, wala pombe wala chombo chake. Kwa hiyo siku zote alionja mpishi mwenyewe.

Asubuhi moja, di! di! di! Ndovu huyo, mkubwa wa kijiji, na watu wote nyuma yake. Ndovu alikuwa na nguvu, tena alikuwa na tamaa, na tamaa ilizidi nguvu. Mtungi ule aliutamani tangu zamani.

"Bi Kindi! Nasikia mtungi wako mchafu. Bandua viungo vyote tuone ndani!"

"Mkubwa wangu, nikivibandua mtungi umekufa."

"Usipobandua, nauchukua mimi. Nakupa mpaka jua liwe utosini!" Akajitupa kivulini, puu! akasubiri.

Mnamwona? Bi Kindi akibandua kakosa, asipobandua kakosa. Na mimi siwafichi, mtungi ulikuwa mchafu kweli. Machicha ya pombe ya wiki iliyopita yaliganda chini yakaganda na ndani ya mianzi. Mkono haufiki. Na kuutikisa, Bi Kindi asingeweza hata angekuja na ukoo mzima.

Alilia? Hakulia. Mikono ilikuwa kazini. Akamimina maji vuguvugu, si ya moto, nta isije ikayeyuka. Akatia majivu. Akatia kokoto ndogondogo. Halafu akakaa chini, akaanza kuomboleza kwa sauti ya kufika kivulini.

"Ole wangu! Utamu wote umeganda chini!"

Sikio la Ndovu likasimama. "Utamu gani?"

"Wa mtungi huu, mkubwa. Hautoki mpaka utikiswe na mwenye nguvu za kweli. Ngoja nikamwite Kifaru."

"Kifaru? Na mimi niko wapi?"

"Lakini yeye anatikisa polepole, havunji hata kiungo."

"Kaa pembeni!" Ndovu akaukumbatia mtungi kwa mkonga, akaubembeleza kama mtoto mchanga. Choko choko choko! Kokoto zikasugua. Choko choko choko! Machicha yakabanduka.

"Vuta mwanzi, mkubwa!"

Fyuuu! "Mbona chungu?"

"Uchungu hutangulia. Tema, mkubwa!"

Pwaa! Yakatoka maji meusi.

Bi Kindi akamimina maji safi. Choko choko choko! "Vuta, mkubwa!" Fyuuu! "Tema, mkubwa!" Pwaa! Yakatoka maji ya kijivu, na kokoto pamoja.

Akamimina tena. Choko choko choko! Fyuuu! Pwaa! Safari hii yakatoka maji meupe, ungeweza kujitazamia uso. Jamani, mimi huyu Bi Kindi nampenda!

"Bado kidogo, mkubwa." Akaweka makaa na majani makavu kwenye mdomo wa kibuyu. "Vuta pumzi, moshi uzunguke kote." Ndovu akavuta. Kohoo! Kohoo! Moshi ukapita mianzini, ukapita mtungini, ukatokea masikioni mwake. Watu walijiuma midomo wasicheke.

Jua likafika utosini. Bi Kindi akaleta pombe nzuri kutoka kibuyu kingine, akaimimina mtungini. Akanyoosha mkono taratibu, kama anayetaka kuonja.

"Wewe! Nimehangaika mimi, uonje wewe?" Ndovu akaunyakua mwanzi. Gudu gudu gudu! "Aaah! Tamu!"

Bi Kindi akawageukia watu.

"Ndugu zangu," akasema Bi Kindi, "nani ameonja wa kwanza?"

"Ndovu!"

Ndovu akakumbuka desturi, akababaika. "Pombe sawa. Lakini mtungi... mtungi ni mchafu!"

"Kumbe mkubwa wetu amekunywa uchafu, tena mbele za watu, akasema ni mtamu?"

Ndovu akatazama watu. Watu wakamtazama Ndovu, mkonga mweusi kwa masizi.

"Safi," akanong'ona.

"Hatujasikia!"

"Mtungi ni safi! Haubanduliwi!" Di di di di, huyo kwake. Wana sita wakatoka nyuma ya mlango, wakaukumbatia mtungi wa bibi yao.

Funzo lake, wanangu: vyombo vyenu muoshe wenyewe, msimdanganye mtu mzima. Na mkubwa akija kukagua, mheshimuni sana. Bi Kindi alimheshimu Ndovu mpaka mwisho. Kila alipotaka kupika, alimtumia salamu aje akague.

— Nimemwaga, nimemaliza!
— Tumekunywa!
— Na chombo?
— Safi!