Marimba ya Mama na Kinanda cha Mgeni

"Ukikwangua ubao mwingine, nachukua vijiti vyangu na wimbo utauimba peke yako," dada mtu alisema. Alikuwa ameyainamia marimba kwa mikono miwili, kama kuku aliyemwona mwewe.

Mdogo wake aliipangusa tupa kwa kidole gumba. Yeye alikuwa seremala mchana na mwimbaji wakati mwingine wowote, na tupa aliyoishika ilikuwa imekwisha kuonja ubao mmoja. Unga mwekundu wa mti ulikuwa bado magotini mwake. Walikuwa wameziba madirisha ya karakana kwa magunia na magodoro ili kelele za barabarani zisiingie, na mwanga wa alasiri ulipenya kwa nyuzi nyembamba, vumbi likielea ndani yake.

Fundi wa kurekodi alikuja na kompyuta na kinanda cha umeme, na jioni ile angeondoka navyo kwenda mji mwingine. Alieleza kwa upole kwamba marimba yalilia chini kidogo ya kinanda. Vikipigwa pamoja viligombana kama wake wenza jikoni. Ncha za kila ubao zikikwanguliwa, sauti ingepanda na ugomvi ungekwisha. Tena vile vibuyu vya chini, vilivyobandikwa utando wa buibui ili vivume kama nyuki, vingezibwa, kwani mvumo ule ulikuwa kero. Seremala alikubali upesi. Miaka yote alikuwa ameimba kwenye sherehe za watu wanaotafuna. Safari hii alitaka kusikika hata na asiowajua, na fundi mwingine hakuwa naye.

"Mama alituachia kitu kimoja," dada alisema, "nawe unakitia tupa."

"Mama angependa tusikike, dada."

"Tusikike sisi, au kisikike kinanda cha watu?"

Fundi alikohoa, akaomba wajaribu wimbo wenyewe. Ulikuwa ni ule aliowabembelezea mama yao, nao walikuwa wameuvika midundo ya kisasa. Dada mtu alishika vijiti shingo upande, na fundi akaweka vidole kwenye kinanda.

Vibuyu vilipoanza kuvuma, seremala alifumba macho na chumba kikayeyuka. Alijiona mdogo, shavu juu ya mkeka, marimba yakimjia kama maji yapitayo chini ya nyumba. Mama hakuonekana. Ilionekana mikono yake tu, ikipaa na kutua kama ndege wawili wanaokunywa. Kisha ukafika ubao uliokwanguliwa. Ulilingana na kinanda sawasawa, lakini ile mikono ilisita hewani, ndege wakaruka, maji yakakauka. Ilikuwa kama kuamshwa na mgeni anayelijua jina lako ila hajui linavyoitwa nyumbani. Wimbo uliendelea ukichechemea, na kila uliporudi pale, ulijikwaa.

Alifumbua macho. "Ndugu yangu," alimuuliza fundi, "hicho kinanda hakiwezi kushuka?"

"Kinaweza. Ni kubonyeza tu. Ila hajawahi mtu kuniomba. Wote hupanda kukifuata."

"Na tukikishusha, wimbo wetu utapigwa redioni?"

"Hilo sikuahidi hata kwa kupanda."

Dada mtu aliangua kicheko. Seremala alitazama tupa, akazitazama mbao moja moja, kisha akaitupa tupa sandukuni na kufunga kifuniko.

"Kishushe," alisema. "Na vibuyu viache vivume."

Dada hakungoja kuambiwa. Alibandua kipande cha nta kilichokuwa chini ya marimba tangu enzi za mama, akakifinyanga kwa vidole, akakibandika kwenye ncha zilizokwanguliwa ili kurudisha uzito. Aligonga, akaongeza kidogo, akagonga tena, mpaka ubao ukarudi kwao.

"Una bahati umekwangua mmoja," alimwambia mdogo wake. "Ungekwangua zote, nyuki wa dunia nzima wasingetutosha."

Fundi alibonyeza. Kinanda kikashuka taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni, kikakaa kando ya marimba bila ugomvi. Seremala alisogelea kipaza sauti, akaimba wimbo mpaka mwisho bila kujikwaa.

Jioni kinanda kilitiwa begini kikaenda zake. Marimba yalibaki pale pale karakanani, yakivuma yenyewe kila lori lilipopita. Usiache mbachao kwa msala upitao.