Shimo la Majivu la Wakesho

Udongo haulishwi siku ya kupanda. Mmeisikia kwa shangazi yenu leo asubuhi, wajukuu zangu, mkacheka, eti udongo una mdomo gani? Unao, tena mpana kuliko wenu. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Taita aliishi mjane, Wakesho, na binti yake wa pekee, Mghoi. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na bustani ya mboga ya mnavu, na kando yake shimo. Kila asubuhi Mghoi alimwaga humo majivu ya jikoni, maganda na samadi, akafunika kwa majani. Vikishaoza, ndicho chakula cha bustani.

Mghoi akaolewa Taveta, na mtu ambaye mamake hakumtaka. Wakesho akanuna. Miaka saba hakutuma salamu, na majivu akawa anayatupa njiani, maana lile shimo lilimtia uchungu. Lakini moyo hauna mlinzi. Kila alipopika mnavu wa kununua alionja, akasema peke yake, "Huu si ule," akaacha kula. Alitamani kumwona mwanawe, ila kiburi kilimziba mdomo.

Siku moja mchuuzi wa ndizi akamletea habari: Mghoi anakuja baada ya wiki sita. Wakesho nusura apige vigelegele. Alitaka jambo moja tu, mwanawe ale mnavu wa bustani ile. Akakwatua magugu juu juu, akaomba miche kwa jirani, akachota samadi mbichi zizini, ingali na moto, akapanda siku hiyo hiyo. Miche ikaungua mizizi, ikalala njano. Akarudia, ikaungua tena.

Mghoi alipofika alichuchumaa bustanini, akachomeka kidole. Ukucha ukagonga ardhi ngumu.

"Mama, shimo letu liko wapi?"

"Nililiacha."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka. Lakini mwezi huu nimehangaika, mwanangu. Nimekuchinjia jogoo, nimekutandikia kitanda..."

"Naona, mama. Ila udongo haulishwi siku ya kupanda." Akapangusa kidole. "Wala mtoto."

Wakesho akalia. Kesho yake Mghoi akarudi Taveta bila kuahidi kitu.

Asubuhi iliyofuata mama akazoa majivu ya jikoni, akayapeleka shimoni. Kila siku ya soko alimpa mchuuzi wa ndizi salamu za kupeleka Taveta, na jina la mkwewe alilitaja kwanza. Majibu hayakuja. Aligeuza mbolea, akangoja. Ilipoiva na kupoa akaichanganya na udongo, akangoja tena. Jioni alitazama njia mpaka macho yakamwasha. Upweke ule, wajukuu zangu, siwaombei.

Mvua za vuli zikapita mara mbili. Asubuhi moja Wakesho alitoka na ndoo yake ya majivu, akaona mtu amepiga magoti kwenye tuta, hata mlangoni hajabisha. Alikuwa Mghoi. Mkono wake ulikuwa umezama udongoni hadi kwenye kifundo, na hakuwa na haraka ya kuutoa.

"Miche bado hujapanda, mama?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Basi lete. Nitakaa mpaka tuchume."

Wakapanda siku ile, na hawakuutilia udongo kitu, kwa kuwa ulikuwa umeshiba zamani. Udongo haulishwi siku ya kupanda.